Kwa washauri nasaha wapya: mteja akifika penye jiwe, punguza mwendo

Mteja wako mwenye kiwewe huenda asitaje kabisa kilichompata. Atakwambia usingizi hauji, kichwa kinagonga, moyo unamwenda mbio akisikia pikipiki usiku. Wengi wameshazunguka zahanati na kurudi na dawa za maumivu. Mwamini, na usiharakishe kumchimba.

Mimi hukaa na wakimbizi wa mashariki mwa Kongo, na ninayoitegemea zaidi ni tiba ya masimulizi (Narrative Exposure Therapy), ambapo mteja anasimulia maisha yake kwa mpangilio, iliyobuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert kwa ajili ya walionusurika vita na mateso. Ilijaribiwa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa wakimbizi Wanyarwanda na Wasomali, na waliotibu walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa 2008. Kwa hiyo usijione mdogo kwa kuwa si daktari. Ila usianze bila mafunzo wala msimamizi.

Mwanzoni mnatandaza kamba mkekani, nayo ndiyo maisha ya mteja. Ncha moja ni kuzaliwa. Juu yake mnaweka maua kwa mambo mema na mawe kwa mabaya, na ncha ya pili inabaki imekunjwa kwa miaka ijayo. Kila jiwe litajwe kwa ufupi tu: lini, wapi, nini. Watu hukimbilia mawe, basi ulizia na maua: bibi aliyemlea, mtoto wa kwanza.

Vikao vinavyofuata, vya kama dakika 90, vinafuata kamba kuanzia utotoni. Hapa ndipo washauri wapya hukwama. Mteja akifika penye jiwe anaruka: "Wakaja, wakafanya waliyofanya, tukakimbia." Mshauri naye, kwa huruma, anamwacha apite. Mzuie taratibu. "Ulikuwa umesimama wapi, mama? Mlango ulikuwa upande gani? Harufu gani ilikujia? Na sasa hivi ukinieleza, unasikia nini kifuani?"

Swali hilo la mwisho lishike sana. Kumbukumbu ya kiwewe ikimjia mtu, anaona jambo linatokea leo, papo hapo. Wewe unamsaidia kulirudisha kwenye mwaka wake na kijiji chake, huku mwenyewe akijua ameketi hapa na wewe. Macho yakianza kumpotea, mwambie akanyage sakafu kwa nguvu, akutajie vitu anavyoviona chumbani, ashike chupa ya maji baridi. Kisha endeleeni mpaka hofu ishuke. Kikao kisikatwe hofu ikiwa juu, hata kama foleni nje ni ndefu. Na zikibaki dakika 20, usifungue jiwe jipya.

Baada ya kikao andika alichosimulia, umsomee mkikutana tena. Atakusahihisha: "Hapana, hiyo ilikuwa kabla ya mavuno." Furahia masahihisho hayo, maana mambo yameanza kujipanga.

Haya yote si ya siku ya pili baada ya maafa. Shirika la Afya Duniani halishauri kumketisha mtu aliyetoka kwenye tukio na kumtaka asimulie yote kwa kikao kimoja. Wakati huo anahitaji usalama, maji, blanketi na kupata habari za ndugu zake.

Na muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali haliwezi kumtia wazo hilo. Akikubali kwamba ana mpango, kamba inawekwa kando. Usimwache peke yake, mpigie msimamizi wako, na umsindikize hospitali siku hiyohiyo.