Herufi Mbili Ubavuni mwa Tangi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kuandika maandishi kwenye magari. Juma lililopita mteja aliniletea lori la mafuta pamoja na karatasi yenye neno la Kiingereza, "INFLAMMABLE", akataka niliandike ubavuni mwa tangi kwa rangi nyekundu. Nilikuwa nimemaliza herufi mbili za mwanzo pale binti yangu, aliye kidato cha pili, aliponiambia kwamba "in" ikitangulia neno la Kiingereza hukanusha, na kwamba ninawatangazia watu kuwa petroli haishiki moto. Lori la jirani limeandikwa "FLAMMABLE". Nani amekosea? (Fundi, Mwanza)

JIBU: Ndugu Fundi, hakuna aliyekosea, ingawa hoja ya binti yako imewasumbua hata wenye lugha yao. Maneno hayo mawili yana maana moja tu, nayo ni kitu kinachoshika moto kwa urahisi.

Chanzo cha mkanganyiko ni Kilatini, ambacho kilikuwa na viambishi viwili vinavyofanana kwa sura. Kimoja hukanusha, na ndicho alichofundishwa binti yako kupitia maneno kama "invisible", yaani kisichoonekana. Kingine huonyesha kuingia ndani ya jambo, na ndicho kilichounda kitenzi "inflammare", kutia moto. Kwa hiyo "inflammable" ni chenye kuweza kutiwa moto, tena ndilo neno la zamani zaidi kati ya hayo mawili; "flammable" ni mdogo wake, aliyeanza kuonekana katika karne ya 19.

Mdogo huyo alipandishwa cheo kwa sababu ya hofu. Kuanzia miaka ya 1920, wataalamu wa kinga ya moto nchini Marekani walihimiza kwamba "flammable" ndilo litumike kwenye maonyo, maana mtu akisoma kama alivyosoma binti yako, kisha akawasha sigara kando ya tangi, hatapata nafasi ya kufundishwa Kilatini.

Binti asidhani kwamba amri ya kukanusha inatosha kumvusha penginepo. Katika "invaluable" kiambishi kinakanusha kwelikweli, lakini neno halimaanishi kitu duni. Humaanisha kitu ambacho thamani yake ni kubwa hata haikadiriki. Na anayeitwa "infamous" si mtu asiyejulikana. Anajulikana sana, ila kwa maovu yake. (Tusiwacheke mno Waingereza: kwetu sisi, anayetoa baiskeli yake na anayeichukua wote huambiwa wameazima.)

Kuhusu kazi iliyo mbele yako, mweleze mteja kwamba karatasi yake haina kosa la Kiingereza, lakini umwombe akuruhusu kuzifuta hizo herufi mbili na kuandika "FLAMMABLE", kwa kuwa onyo linapaswa kueleweka hata na msomaji mwenye haraka. Chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, ongeza: "HATARI! MAFUTA HAYA HUSHIKA MOTO UPESI." Wapita njia wengi watasoma mstari huo kwanza, na binti yako hatakuwa na la kusahihisha.