Achukue ugonjwa, aiache nyumba

Mhariri, salaam. Swali lenu la wiki hii linasema: ikiwa daktari wa familia yenu ni mtunzi wa riwaya pia, na riwaya zake zinatokana na kazi yake ya udaktari, mtaendelea kumwambia siri zenu? Mimi nauza dawa Langoni, hapa Lamu, na najibu ndiyo. Lakini nina sharti, na si lile la kubadilisha majina.

Jina lina kazi gani hapa kwetu? Andika kwamba kulikuwa na mama mmoja wa Mkomani, mumewe yuko Jeddah, kitinda mimba wake hatembei, na daka la nyumba yao, kile kibaraza cha mlangoni, limebomoka upande mmoja. Mwite Rehema, mwite Zuhura, mwite upendavyo. Watu wa barazani watamjua kabla kahawa haijapoa. Na si Lamu tu. Anton Chekhov, aliyekuwa daktari na mwandishi huko Urusi, mwaka 1892 alichapisha hadithi fupi kuhusu mke wa daktari na mchoraji. Mwanamke wa hadithini alimfanya kijana wa miaka ishirini na kitu, ilhali mwanamke halisi alikuwa ameshapita arobaini. Haikufaa kitu. Rafiki yake Isaac Levitan, mchoraji, alijiona humo, na urafiki wao ukakatika kwa karibu miaka 3. Hayo yalikuwa Moscow, tena kati ya marafiki!

Nalishikilia jambo hili kwa sababu nakaa nyuma ya kaunta. Dawa za aina fulani hazina mwenyewe. Kila anayezitaka amemnunulia rafiki. Kuna mama anayevuka maji kuja kununua vidonge vya kifafa vya bintiye. Kwao duka la dawa lipo, ila wanamjua. Akishalipa, hutoa mkobani chupa tupu ya vitamini, akavitia vidonge humo kimoja kimoja, kisha pakiti hunirudishia niitupe mimi. Binti amefikia umri wa kuposwa. (Msimtafute. Hapo nimechanganya watu wawili, na kisiwa si hicho mnachokidhania.) Posa za kwetu huanza kwa kuulizana: ukoo huu una nini? Kurasa mbili za riwaya zinatosha kuwageuza wazee njiani. Sheria ya Afya ya 2017 inataka habari za mgonjwa zitunzwe siri, vizuri sana, lakini sheria haikai barazani.

Wapo watakaosema daktari amwombe mgonjwa ruhusa. Hilo naliona jepesi mno. Utamkatalia vipi mtu ambaye kesho utamfumbulia kinywa akutazame koo, na usiku wa manane ndiye utakayempelekea mama yako presha ikipanda? Mgonjwa husema "sawa, daktari" kwa kila kitu, hata kwa dawa ambayo hana nia ya kuinywa. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na la kutaja na la kunyamazia alilichagua mwenyewe. Mgonjwa anayeandikwa na daktari wake hana nafasi hiyo.

Hata hivyo nataka daktari aandike, tena aandike sana. Katika riwaya na tamthilia zetu magonjwa yana haraka: mtu anakohoa ukurasa wa 10, ukurasa wa 12 anazikwa. Daktari wa familia (na wengi wetu tunamwita hivyo yule kliniko ofisa aliyetutibu tangu utotoni) anajua kwamba kuugua ni mambo ya miaka. Tazama sukari. Inaanza na kiu na kwenda msalani usiku. Mzee anaacha kutia sukari kwenye chai, lakini harusini halwa haimpiti. Miaka inakwenda, miguu inaanza kufa ganzi, mpaka siku anakanyaga msumari na hana habari. Anayeuona ni mjukuu anayemvua viatu. Humo mna ndoa, ukaidi, pesa, na binti aliyeacha kazi Mombasa kuja kusafisha kidonda. Daktari wa upasuaji atamwona siku ya kukatwa mguu. Huyu wa kwetu alikuwapo tangu kile kiu, na huenda sasa anampima sukari mtoto wa yule binti. Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto, na riwaya yake ya 1994, The River and the Source, ambayo wengi tuliisoma shuleni, inafuata vizazi vya wanawake wa ukoo mmoja hadi Ukimwi unapoingia. Mtu aliyezoea kuona mama na mtoto wakiingia pamoja mlangoni ndiye anayeandika namna hiyo.

Basi sharti langu: achukue ugonjwa, aiache nyumba. Kidonda cha mzee wa Shela akipeleke Faza, ukaidi wake ampe mwanamke, yule binti wa Mombasa amfanye mkaza mwana. Na angoje, mpaka akiusoma ukurasa yeye mwenyewe asiweze kusema huyu alikuwa nani. Kufa kwa mgonjwa hakumfungulii mlango, maana wajukuu bado wanaposa na kuposwa. Hadithi ikimfia mkononi kwa kuondolewa nyumba, aiache ife.

Akishafanya hayo, mswada aupitishe dukani kwangu kabla ya kwenda kwa mchapishaji. Kiswahili simsahihishii. Nataka kuona mtu mzima mwenye malaria amepewa vidonge vyake 24 na amevimeza siku 3 zote, si sindano moja asubuhi kisha jioni huyo ngomani. Dozi daktari anazijua, lakini mtunzi huenda akataka mtu apone kabla sura haijaisha.