Kabla hujakata pezi la perege, tafuta penseli

Vijana wa huku kwetu Lindi na Mtwara huniuliza wafanyeje ili waje kuwa watafiti wa vinasaba vya samaki. Wengi huanzia maabara: mashine gani, chuo gani, nchi gani. Mimi huwaanzia kwenye penseli.

Mwanzoni mwa kazi hii nilikwenda ziwani kuchukua sampuli. Sampuli yenyewe ni kitu kidogo: kipande cha pezi kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Unakikata kwa mkasi safi, unakitia kwenye kichupa chenye ethanoli, yaani spiriti ya kuhifadhia, samaki unamrudisha majini. Namba niliziandika nje ya vichupa kwa kalamu ya wino mzito. Njiani vichupa kadhaa vikavuja, ethanoli ikafuta wino, na nilipofungua sanduku nikakuta vipande visivyo na jina wala kwao. Vinasaba vilikuwa salama kabisa, lakini havikunifaa kitu, maana sikujua kipi kimetoka ziwa lipi. Niliumia sana, kwa sababu wavuvi walikesha nami kwa ajili ya samaki wale. Tangu hapo naandika kwa penseli kwenye kikaratasi kigumu, nakitumbukiza ndani ya kichupa, na namba ileile naiweka daftarini pamoja na ziwa, tarehe na aina ya nyavu. Ethanoli haifuti penseli.

Ukitaka kujua kwa nini nashikilia asili ya samaki kiasi hiki, nenda Ziwa Rutamba, huku kwetu Lindi. Ziwa hilo na wenzake, Nambawala na Mitupa, yana perege ambaye wataalamu humwita Oreochromis korogwe. Jina hilo alilitoa mtafiti Mwingereza, Rosemary Lowe, mwaka 1955, kwa samaki wa kaskazini mwa nchi. Hawa wa kwetu wametambuliwa kati ya 2013 na 2016 tu. Vinasaba vyao vilipochunguzwa, ilionekana kwamba waliachana na ndugu zao wa Mto Zigi na bwawa la Mlingano, huko Tanga, yapata miaka 140,000 iliyopita. Kwa hiyo hakuna aliyewaleta kwa ndoo. Ni wa hapahapa. Utafiti huohuo ulikuta pia kwamba tayari wamezaliana na sato, ambaye ni mgeni katika maji haya.

Sato halisi utamjua kwa mistari ya wima iliyopangika mkiani. Chotara ndiye kazi, kwani anaweza kufanana na mzazi mmoja mpaka ukaapa. Mzee mmoja mvuvi aliniambia, "Siku hizi wanachanganyika, mwanangu. Wengine nawavua, lakini kwao sikujui." Nililiandika neno hilo daftarini kama lilivyo, nalo ni sehemu ya data.

Mabwawani nako mambo ni hayohayo: hakuna anayefuatilia nani mzazi wa nani. Mfugaji akivuna, wakubwa wanakwenda sokoni na jikoni, wadogo wanarudishwa bwawani wakue. Wengi wa hao wadogo si watoto hata kidogo. Wamekomaa, wanakua polepole, na ndio watakaozaa kizazi kijacho. Fanya hivyo miaka mitano, kisha utasikia lawama kwamba mbegu ni mbovu. Mradi wa GIFT, wa kuboresha mbegu ya sato, ulioanza Ufilipino mwaka 1988, ulikwenda njia tofauti: walikusanya sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegali, wakawaunganisha na waliokuwa wakifugwa Asia, wakatunza kumbukumbu za kila familia, na waliokua vizuri ndio wakateuliwa kuwa wazazi. Tazama mali ghafi yao ilitoka wapi: mito na maziwa ya Afrika. Perege wetu wakichanganyika, mali ghafi ya namna hiyo inapotea. Ndiyo maana nasema vifaranga vya sato visimwagwe karibu na Rutamba, hata kama vinakua haraka namna gani.

Masomo? Soma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Chuo cha uvuvi, FETA, kina kampasi Mikindani. SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wanafundisha ufugaji wa viumbe maji. Vibali vya utafiti vinatoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, vianze kushughulikiwa mapema. Na takwimu usizikimbie hata kidogo. Siku moja ya ziwani huzaa wiki nyingi za kompyuta, na asiyejua takwimu hataweza kutofautisha samaki aliyekua kwa sababu ya uzao wake na aliyekua kwa sababu alipewa pumba na mashudu ya kutosha.

Likizo hii, kabla hujaomba ufadhili popote, tafuta mfugaji wa jirani. Mwamkie, kaa naye, muulize vifaranga alivitoa wapi na mwaka gani, na akivuna ni samaki gani anaowaacha bwawani. Akisema hajui, andika hivyohivyo: hajui. Siku ya kuvuna omba upime samaki 30, urefu kwa rula, uzito kwa mzani mdogo wa dukani, mmoja mmoja, madume kando na majike kando. Ukija kwangu na daftari hilo, tutakaa chini na kulisoma pamoja ukurasa kwa ukurasa.