Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani: kwa nini lilichelewa miaka 5?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Vannevar Bush alipendekeza mwaka 1945 Marekani iwe na shirika la umma la kugharimia utafiti, lakini shirika hilo likaanzishwa mwaka 1950. Ilhali vita vilikuwa vimekwisha kuonyesha manufaa ya sayansi, ni nini kilichochelewesha jambo hilo, na je, kuchelewa huko kulibadili chochote?

JIBU: Baada ya rada na bomu la atomiki, hoja ya kwamba serikali igharimie utafiti haikuwa na wapinzani wengi. Ugomvi ulikuwa juu ya nani atakayeshika mfuko.

Bush, mhandisi aliyeongoza Ofisi ya Utafiti na Maendeleo ya Sayansi tangu mwaka 1941, alikuwa amezoea utaratibu wa wakati wa vita, ambapo serikali ilitiliana mikataba na vyuo vikuu na viwanda, kisha ikawaachia wataalamu kazi yao. Novemba 1944 Rais Roosevelt alimwandikia akitaka ushauri kuhusu utafiti wa wakati wa amani. Ripoti ilikamilika Julai 1945, ikapokelewa na Truman, kwa kuwa Roosevelt alikuwa amekwisha kufariki. Ndani yake Bush alitaka shirika lisimamiwe na bodi ya raia wasio watumishi wa serikali, na bodi hiyo ndiyo imchague mkurugenzi.

Seneta Harley Kilgore wa West Virginia, aliyekuwa akipigania miswada yake mwenyewe tangu wakati wa vita, hakukubali. Yeye alitaka mkurugenzi ateuliwe na Rais, fedha zisiishie katika vyuo vichache vikubwa, sayansi za jamii zisiachwe nje, na hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, zibaki mali ya umma pale umma ulipogharimia uvumbuzi huo. Kwa maoni yangu, hoja hiyo ya hataza ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote, ingawa haitajwi sana. Ilizuka tena baadaye, hadi sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 ilipoviruhusu vyuo vikuu kumiliki hataza hizo.

Mwaka 1947 Bunge lilipitisha muswada uliofuata matakwa ya Bush, lakini Truman akakataa kuutia saini, kwa hoja kwamba ungeweka fedha za umma mikononi mwa watu wasiowajibika kwa umma. Sheria aliyoisaini tarehe 10 Mei 1950 ilimpa Rais mamlaka ya kuteua bodi na mkurugenzi, kwa idhini ya Seneti.

Kuhusu sehemu ya pili ya swali lako, kuchelewa huko kulibadili mengi. Hao walipokuwa wakigombea fito, wengine walikwisha kujenga. Kamisheni ya Nishati ya Atomiki na Ofisi ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji zilianzishwa mwaka 1946, na Taasisi za Taifa za Afya zikarithi mikataba ya utafiti wa tiba iliyoachwa na vita. Shirika jipya likaanza na dola 225,000 tu, na sheria yenyewe iliweka kikomo cha dola milioni 15 kwa mwaka, ambacho kiliondolewa mwaka 1953. Hata mkurugenzi wake wa kwanza, Alan Waterman, alitoka katika ofisi hiyo ya wanamaji. Fedha nyingi zilikuja baada ya Wasovieti kurusha setilaiti ya Sputnik Oktoba 1957: bajeti ya mwaka 1959 ilifika dola milioni 134. Hata hivyo, utafiti wa anga za juu ulikabidhiwa NASA, iliyoundwa mwaka 1958. Ndiyo maana mtafiti wa Marekani anayetafuta ruzuku ya serikali hubisha hodi kwenye milango mingi, kila mmoja na masharti yake.