Maswali na Majibu: Berea ada hakuna, ufagio upo

Tangu niandike kwamba Chuo cha Berea, jimboni Kentucky, Marekani, hakijamtoza mwanafunzi ada ya masomo tangu 1892, maswali yanamiminika. Nimechagua yenye kichwa na miguu, pamoja na machache yasiyo navyo, maana hayo ndiyo yanayorudiwa kila wiki.

Naomba unitumie fomu. Kuna jamaa hapa Mwanza anaiuza shilingi laki mbili na nusu.

Fomu haiuzwi. Iko kwenye tovuti ya chuo, na kuomba nafasi hulipii hata senti. Huyo jamaa ni tapeli, na ukimwona mwambie mimi ndiye niliyesema. Hili nimeshalijibu mara tatu mwaka huu.

Nina shahada ya kwanza ya sheria. Nataka uzamili hapo Berea.

Haipo. Ni shahada ya kwanza tu.

Baba anasema "college" ni chuo cha kati, nisubiri "university". Halafu hizo sanaa huria (liberal arts) wanazofundisha huko ni kuchora na kuigiza?

Mzee umwambie kwa heshima zote kwamba Marekani neno hilo halishushi cheo. Berea inatoa shahada kamili. Na "huria" isikuchanganye na Chuo Kikuu Huria, ukadhani ni masomo ya mbali. Maana yake ni kwamba anayesomea kemia atapitishwa pia kwenye historia, dini na uandishi, apende asipende. Fani zenyewe ni pamoja na uuguzi, kompyuta na kilimo, na jengo jipya la sayansi lilifunguliwa 2018. Wanafunzi wote hawafiki elfu mbili. Usipotokea darasani, mwalimu anajua ni nani hayupo.

Ni kweli wanafunzi wanafagia? Mimi nilikuwa wa kwanza wilaya nzima, sikusoma ili nikafagie.

Nilikuwa nakungoja wewe.

Ni kweli. Kila mwanafunzi, bila kubagua, anafanya kazi ya chuo isiyopungua saa 10 kwa wiki. Wengine wako maktaba ya Hutchins, wengine shambani, wengine jikoni, na wengine, ndiyo, na ufagio. Mwaka wa kwanza hupewi nafasi ya kuchagua, unapangiwa. Boone Tavern, hoteli ya chuo iliyofunguliwa 1909, anayekuletea kahawa huenda kesho asubuhi ana mtihani wa fizikia. Ukimaliza unapata kumbukumbu mbili za maendeleo yako, moja ya masomo na nyingine ya kazi.

Na hawaishii kufagia, mafagio yenyewe wanayatengeneza. Karakana yao ya mafagio ipo tangu 1920. Malighafi ni aina ya mtama wenye masuke marefu na magumu. Masuke hukazwa kwenye mpini kwa kuviringishiwa waya au uzi, hubanwa yakawa bapa, kisha hushonwa mstari kwa mstari. Kijana aliyekulia Singida anaujua mtama kuliko wote walio kwenye chumba kile, ila nyumbani aliambiwa ufagio ni wa aliyefeli.

Sitajifanya sijui dharau hiyo ilikotoka. Katikati ya chuo kuna kanisa la Phelps Stokes, lililokamilika 1906 kwa mikono ya wanafunzi wenyewe, kwa fedha za Olivia Phelps Stokes. Dada yake Caroline aliacha wosia uliozaa Mfuko wa Phelps-Stokes, wa kusaidia elimu, mwaka 1911. Tume ya mfuko huohuo ndiyo iliyozunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar mwaka 1924, ikapendekeza elimu ya Mwafrika iegemee kilimo na kazi za mikono. Watoto wa walowezi hawakushikishwa jembe. Babu zetu waliinusa njama, na walikuwa na haki. Sisi tumerithi kununa kwao tukasahau sababu. Waliokataa walikuwa wanakataa jembe la mmoja na kalamu ya mwingine. Berea wote wanashika vyote viwili. Kama hilo linakukera, vyuo vya kulipia vipo vingi, na ada yake unaijua.

Kwa hiyo ni bure kabisa?

Ada ya masomo, ndiyo. Malazi na chakula kwa mgeni hugharimiwa mwaka wa kwanza, baadaye utatarajiwa kuweka akiba kidogo kutokana na kazi za likizo. Viza na nauli ni zako. Nafasi za wanaotoka nje ya Marekani ni chache mno, kwa kuwa chuo kipo kwanza kwa ajili ya vijana wa familia zenye kipato kidogo wa milima ya Appalachia. Usiuze shamba la ukoo kabla ya barua kufika.

Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Nitabanwa?

Ni chuo cha Kikristo kisicho na dhehebu, na kaulimbiu yake ni kwamba Mungu amewaumba watu wote wa dunia kwa damu moja. Mwanzilishi wake, Mchungaji John G. Fee, alianza 1855, na mwaka 1859 wapenda utumwa wakamfukuza. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, weusi na weupe walisoma pamoja, hadi Kentucky ilipopiga marufuku mwaka 1904. Chuo kilikwenda Mahakama ya Juu ya Marekani kikashindwa 1908, na weusi hawakuruhusiwa kurudi mpaka 1950. Nayasema haya kwa sababu vipeperushi vyenye nyuso zinazotabasamu havisemi.

Mji ukoje? Nitapata ugali?

Mji ni mdogo. Hakuna treni ya abiria, na daladala ya kusimamisha kwa mkono usahau. Lexington, penye uwanja wa ndege, ni kama kilomita 60 kaskazini. Huko utasikia Kiswahili cha Kivu dukani na kanisani, kwa kuwa Wakongo wengi wamehamishiwa hapo kama wakimbizi.

Unga wa mahindi umejaa Kentucky. Wana hata mkate laini wa mahindi unaoliwa kwa kijiko, usije ukauita ugali mbele ya mwenyeji. Ila soma pakiti. Unga mwingi umeshachanganywa na baking powder na chumvi. Ukiusonga, unafura sufuriani na kutoa povu kama sabuni, na ladha yake ni ya keki iliyokosewa. Tafuta wa mahindi matupu, mweupe.

Natoka Lamu. Kuna bahari karibu?

Hakuna. Kuna msitu wa chuo, hekta zipatazo 3,600, na njia ya kupanda hadi majabali ya mchanga wanayoyaita Pinnacles. Ukifika juu, upande mmoja milima imepangana hadi macho yachoke, upande mwingine nchi inalala tambarare kuelekea Lexington. Novemba chukua koti.