Skafoldi, yale majukwaa ya mabomba wanayosimamia mafundi, ikileta hatari, watashukia wapi?

Tuko kwenye jengo la ghorofa sita, Kilimani, Nairobi. Ngazi ni moja tu. Inatosha?

Haitoshi. Moto au bomba lililoanguka likiziba ngazi hiyo, walio juu wamekwama. Wekeni mbili, moja kila mwisho wa skafoldi. Kila ngazi ifungwe vizuri juu na ipite jukwaa kwa mita 1 ili anayeshuka apate pa kushika. Ikifika kimo cha mita 4, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Mkaguzi apite njia zote mbili asubuhi kabla mtu hajapanda, maana karai moja iliyoachwa njiani humwangusha anayekimbia.

Fundi akianguka akabaki ananing'inia kwa mshipi wa usalama, tungoje zimamoto?

Msingoje. Pigeni 999 au 112, na papo hapo mwanze kumteremsha. Mikanda hubana mapajani, damu hutuama miguuni, naye anaweza kuzirai katika dakika chache, huku gari la uokoaji bado limekwama kwenye foleni ya Ngong Road. Kwa hiyo kamba ya uokoaji na kapi zake zikae saiti, mahali panapojulikana na wote, si kwenye stoo iliyofungwa huku ufunguo uko kwa foremani aliyetoka. Wafunzeni watu watatu kuzitumia. Wawili hawatoshi, kwa sababu anayening'inia anaweza kuwa mmoja wao. Akiwa na fahamu, mteremshieni kamba yenye kitanzi akanyage na kujiinua, mapaja yapumue. Akifika chini alazwe. Ile desturi ya kumkalisha kwanza kwa nusu saa iacheni. Akiwa amezirai lakini anapumua, mgeuzeni ubavu huku mkishikilia kichwa na shingo visijipinde.

Bomba limegusa waya wa stima. Tufanyeje?

Walio chini wasiiguse skafoldi wala aliye juu yake. Walio juu watulie walipo hadi Kenya Power ithibitishe umeme umekatwa.

Vibarua huchukuliwa getini kila siku. Tutajuaje wote wameshuka?

Wekeni ubao wa misumari getini. Kila anayepanda anatundika kibati chenye namba yake, akishuka anakitoa. Kibati kilichobaki ni mtu aliyebaki. Pa kukusanyikia pawe mbali kuliko urefu wa skafoldi: ya mita 18, simameni zaidi ya mita 18, na si barabarani. Firimbi haisikiki mashine ya zege ikinguruma, kwa hiyo tumieni honi, na mjaribu mazoezi ikiwa inanguruma.