Re: Sheria ya kutenga wafungwa ndo chanzo cha vurugu za magereza New York?

Mkuu umeuliza kama ile sheria ya New York ya kubana kufungia wafungwa peke yao ndo inawaponza askari magereza. Kwenye mgomo wa Februari 2025 ilikuwa moja ya malalamiko yao makubwa ila sio pekee. Sheria yenyewe, wanaiita HALT, ilianza kazi 2022, na haikatazi kumtenga mtu aliyemchoma mwenzie kisu, inasema tu siku 15 mfululizo basi, tena kila siku atoke selo angalau masaa 4. Hizo siku 15 zipo hata kwenye Kanuni za Mandela za UN, yaani miongozo ya kimataifa ya jinsi ya kuwatendea wafungwa. Sasa kumtoa mtu masaa yote hayo unahitaji askari wa kumsimamia na ndo hao hawatoshi, waliopo wengine walikuwa wanapigishwa shifti hadi masaa 24, hapo hata mimi ningegoma aisee. Wanasiasa wenyewe wamekomaa na "ifutwe" "isifutwe". Gavana Hochul akapeleka wanajeshi kuziba pengo, mgomo ulivyoisha Machi zaidi ya askari 2,000 wakafukuzwa, yaani uhaba ukazidi palepale. Mimi ningeanza na idadi ya watu kwenye zamu kabla sijaigusa hiyo sheria.